Kaunti au halmashauri: madaraka ya karibu yenye meno ni yapi?

Mpaka wa Horohoro na Lungalunga, kati ya Tanzania na Kenya, umewakata Wadigo sehemu mbili. Lugha ni moja, bahari ni moja, minazi ni ileile, na ndugu huvuka kwenda kuzikana na kuozana. Lakini mama anayelia na maji upande wa Lungalunga anamdai gavana wa Kwale, mtu aliyepigiwa kura na watu wa Kwale, ambaye Rais aliyeko Nairobi hawezi kumfukuza kazi. Mama wa Mkinga, kilomita chache kusini upande wa Tanzania, akimfuata diwani wake ataambiwa kwamba tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa Wizara ya Maji. Diwani anaweza kusema kwenye kikao, hata kwa ukali, ila meneja wa RUWASA si mtumishi wa halmashauri.

Nchi zote mbili husema zimepeleka madaraka kwa wananchi. Kenya wanauita ugatuzi, Tanzania tunauita ugatuaji, na katiba zote mbili zina ibara zinazousifia. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya anayetakiwa kuchagua: Mtanzania anayesubiri mchakato wa katiba mpya uliokwama tangu 2014, na Mkenya anayesikia kila msimu wa siasa kwamba kaunti ni mzigo, zipunguzwe au zifutwe. Sitajifanya sina upande. Naona Kenya imefanya vizuri zaidi pale juu, na Tanzania ina kitu cha thamani pale chini kabisa ambacho Kenya haina, na sisi wenyewe tumekiacha kinyauke.

Kwa nini dola hugawana madaraka

Anza na sababu, kwa kuwa sababu ndiyo iliyozaa umbo.

Kenya ilifika kwenye ugatuzi ikiwa imeumia. Ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na katiba ya majimbo, yenye mabunge ya majimbo na Seneti. Mwaka mmoja tu baadaye, ilipokuwa jamhuri, majimbo yakanyang'anywa nguvu, na Seneti ikafutwa mwaka 1966. Tangu hapo mkoa, wilaya, tarafa na lokesheni vikaongozwa na watu waliotumwa kutoka Nairobi. Waraka wa serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulieleza waziwazi kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua. Kaskazini yote ikabaki nyuma: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit. Pwani nako malalamiko ya ardhi yakarithishwa kizazi hadi kizazi. Ikulu ikawa ndiyo mlango wa kila barabara na kila hospitali, na kila jamii ikaamini kwamba bila mtu wao Ikulu watalala njaa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 ilikusudia, pamoja na mambo mengine, kuhakikisha kwamba anayeshindwa urais hapotezi kila kitu.

Tanzania ilipita njia nyingine. Serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 kwa mpango ulioitwa, cha kushangaza, Madaraka Mikoani. Halmashauri zilizochaguliwa na watu zikaondoka na nafasi zao zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Miji iliharibika haraka: taka hazikuzolewa, barabara na shule zikachakaa. Mamlaka za miji zikarudishwa mwaka 1978, sheria mpya za serikali za mitaa zikatungwa 1982, na halmashauri zikaanza tena kazi 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri katika miaka hiyo kwamba kufuta serikali za mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Maboresho ya mwisho wa miaka ya tisini yalikuja na lugha ya kupeleka madaraka, lakini shabaha kubwa ilikuwa huduma: serikali kuu ilikuwa imelemewa na ikataka wasaidizi.

Kenya waligawana mamlaka kwa sababu walikuwa wanaogopana. Tanzania iligawa kazi kwa sababu ilikuwa imechoka kuzibeba. Anayeogopa hudai dhamana ya maandishi. Anayetafuta msaidizi hubaki na haki ya kumwondoa, na karibu kila tofauti nitakayoieleza hapa inatokana na hilo.

Bosi wa hapa anamwogopa nani?

Ukitaka kujua madaraka yako wapi, usitazame vikao. Mtazame mtu anayesaini malipo, kisha uulize nani anaweza kumwondoa kesho asubuhi.

Kaunti 47 za Kenya kila moja ina gavana aliyechaguliwa kwa kura ya moja kwa moja, kwa miaka mitano, na hawezi kuzidi vipindi viwili. Mawaziri wa kaunti anawateua yeye, nao huidhinishwa na bunge la kaunti. Akikosea, wawakilishi wadi, yaani wajumbe wa bunge hilo, wanaweza kupiga kura ya kumbandua, na hoja inakwenda Seneti, ambako anasikilizwa akiwa na mawakili wake. Imetokea: Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondoka Januari 2020, Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo, Kawira Mwangaza wa Meru akabanduliwa na Seneti Agosti 2024, akaenda mahakamani, akaondoka ofisini Machi 2025. Martin Wambora wa Embu alibanduliwa mwaka 2014, akaenda mahakamani, akarudi ofisini. Njia ni ndefu na ina kelele nyingi, lakini katika hatua zote hizo hakuna mahali ambapo Rais anachukua kalamu na kumaliza mambo peke yake.

Mfano ninaoupenda ni wa Makueni. Mwaka 2014 gavana Kivutha Kibwana na wawakilishi wadi wake walikuwa hawapikiki chungu kimoja, na bajeti ilikwama. Wananchi wakaomba kaunti isimamishwe, kama Katiba inavyoruhusu. Tume ikaundwa, ikachunguza, ikapendekeza ivunjwe. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakataa pendekezo hilo. Kaunti ikabaki na watu wake wakaendelea kubishana, na miaka iliyofuata Makueni ikawa kati ya kaunti zinazotajwa mara nyingi kwa kuwashirikisha wananchi, kwa mpango wake wa afya, na kwa kiwanda cha kusindika maembe kule Kalamba. Rais angekubali, hiyo nafasi ya kujirekebisha isingekuwapo.

Sasa njoo bara ya Tanzania. Diwani anachaguliwa na kata yake. Madiwani wanamchagua mwenyekiti wa halmashauri, au meya kama ni manispaa au jiji. Hadi hapo ni sawa. Lakini mtendaji mkuu, ofisa masuuli, katibu wa baraza na mwenye sahihi ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi huteuliwa kutoka juu. Mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, wanaomsimamia na kumpa maelekezo, ni wateule wa Rais. Baraza la madiwani likipitisha azimio na mkuu wa wilaya akasema vingine kwenye ziara, nani asiyejua Mkurugenzi ataelekea wapi? Si kwamba wakurugenzi ni watu wabaya. Wengi ni wachapakazi. Ila mtu hutii mkono unaoweza kumwondoa.

Na si Mkurugenzi pekee anayeweza kuondolewa. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa jiji. Hoja ya gharama ilikuwapo na ilikuwa na uzito, kwa kuwa jiji lile lilikaa juu ya manispaa tano ambazo ndizo zilizokuwa na wakazi na miradi. Hata hivyo, tazama namna ilivyofanyika: chombo chenye meya kilifikia mwisho kwa uamuzi wa ofisi moja. Kwa Kenya hilo haliwezekani bila kuigusa Katiba yenyewe.

Kazi nazo huondoka kwa njia hiyohiyo. Barabara za mijini na vijijini zilikuwa za halmashauri hadi 2017, zikaenda TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini. Maji ya vijijini yakaenda RUWASA 2019. Huenda wahandisi wanafanya kazi bora zaidi wakiwa chini ya wakala mmoja, na nimesikia madiwani wakikiri kwamba barabara zao sasa zinapitika. Siipingi hoja ya ufanisi. Ninachosema ni kwamba kazi iliyohamishwa bila ridhaa ya halmashauri haikuwa ya halmashauri tangu mwanzo. Ilikuwa imeazimwa. Kenya nako mashirika ya kitaifa ya maji na barabara bado yanang'ang'ania kazi ambazo Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti, na magavana wamegombana na wabunge hadi mahakamani kuhusu fedha za matengenezo ya barabara. Tofauti ni kwamba gavana ana Jedwali la kulinyooshea kidole mbele ya jaji, na diwani hana.

Fedha: asilimia na ujanja wake

Katiba ya Kenya imeweka sakafu: kaunti zipate kwa pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka wa fedha 2013/14 mgao ulikuwa takriban shilingi bilioni 190 za Kenya. Mwaka 2023/24 ulikuwa bilioni 385.4. Fomula ya kugawana baina ya kaunti hupendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kuamuliwa na Seneti. Zaidi ya hapo kuna Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato, kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba Turkana hawaombi. Wanapata. Kabla ya 2013 mtu wa Lodwar aliposema "nimetoka Kenya" baada ya safari ya Nairobi hakuwa anatania. Alihisi hivyo kweli. Leo wanabishana kuhusu gavana wao alivyozitumia fedha, na huo ni ubishi wa mtu mwenye mali mkononi.

Lakini soma maandishi madogo. Hiyo asilimia 15 hupigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Bunge likichelewa kuidhinisha, asilimia inapigwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, ambayo ni madogo kuliko ya leo. Kisha Hazina Kuu huchelewesha kutuma, miezi inapita, na wakandarasi wa kaunti wanadai madeni hadi wanafilisika. Mwaka 2020 Seneti yenyewe ilishindwa kukubaliana kuhusu fomula, kikao baada ya kikao, hadi Septemba, huku kaunti zikisema hazina fedha za mishahara. Ziliokolewa kwa ahadi kwamba mgao utaongezwa hadi bilioni 370 ili asiwepo wa kupunguziwa. Na zikifika, fedha nyingi zinaliwa na mishahara na posho. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kaunti zinazoshindwa kufikia hapo si chache. Mkenya anayesema kwamba ugatuzi umegatua pia wizi ana ushahidi wa kutosha.

Kwetu halmashauri hutegemea mambo mawili: ruzuku kutoka serikali kuu, na mapato ya ndani. Mapato ya ndani yamekuwa yakipunguzwa kidogo kidogo. Kodi ya maendeleo, ambayo watu waliichukia kwa haki, ilifutwa 2003. Ushuru wa mazao ulishushwa 2017 hadi asilimia 3, jambo lililompa nafuu mkulima na kuitoboa mifuko ya halmashauri za vijijini. Kodi ya majengo ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme. Fikiri maana yake. Kodi ya majengo ni kodi ya mtaa kupita zote: nyumba haihami, na anayeilipia anaiona taa ya barabarani au haioni. Ilipokatwa kwenye umeme ikawa kodi isiyo na sura. Hakuna tena diwani wa kuulizwa, "Nimelipa, mbona mtaro haujazibuliwa?"

Kinachobaki kina thamani yake. Ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya kampuni unazipa nguvu halmashauri zenye migodi kama Geita. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mpango huo ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa, kisha ukarudi kwa utaratibu mpya. Lakini angalia hata hapo: fedha ni za halmashauri, na amri ya kusimamisha na kurejesha ilitoka Dodoma.

Upande wa madini Kenya ina sheria inayopendeza kuisoma. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 taifa, 20 kaunti, 10 jamii inayoishi palipochimbwa. Watu wa Kwale, kwenye mchanga wa titani uliochimbwa hadi mwisho wa 2024, walisubiri sehemu yao kwa miaka. Ahadi iliyoandikwa inampa mtu haki ya kudai. Haimpi fedha mfukoni.

Zahanati moja, milango miwili

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa afya ndiyo mahali ambapo chaguo langu linatikisika.

Kenya afya yote isipokuwa hospitali kuu za rufaa na sera ni ya kaunti. Kaunti inaajiri daktari, inamlipa, inanunua dawa KEMSA, wakala wa taifa wa dawa. Maeneo ambayo hayakuwa na chumba cha upasuaji sasa yanacho, na hilo si jambo dogo kwa mama anayejifungua Wajir. Lakini Desemba 2016 madaktari waligoma, na mgomo ukadumu siku 100. Chanzo chake ni somo zima la ugatuzi: mkataba wa maslahi ulitiwa saini 2013 na serikali ya kitaifa, afya ikahamia kwenye kaunti, na kaunti zikasema sisi hatukusaini. Nairobi nao wakasema madaktari si wetu tena. Mgonjwa alikuwa na serikali mbili na hakuwa na hata moja. Migomo imerudi mara kwa mara tangu hapo.

Tanzania muuguzi wa Mkinga analipwa mshahara na serikali kuu, siku moja na mwenzake wa Ilala. Serikali inaweza kumpeleka mtumishi Kakonko hata kama Kakonko haina mapato ya kumlipa. Tena kuna jambo moja tulilolifanya kabla ya majirani: tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za afya za msingi zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo cha afya. Mganga mfawidhi na kamati ya usimamizi, ambayo wajumbe wake wamo wanakijiji, wanapanga: dawa kiasi gani, dari itengenezwe au la. Kenya, fedha zilizokusanywa na kituo ziliingia kwenye mfuko wa kaunti na katika kaunti nyingi hazikurudi, mpaka sheria ya 2023 iliporuhusu vituo kubaki nazo. Kwa hiyo nchi inayoonekana kushikilia kila kitu juu ndiyo iliyotangulia kumwamini mganga wa zahanati, na nchi ya magavana ndiyo iliyochelewa.

Walimu wanathibitisha jambo hilihili kutoka upande mwingine. Kenya waliwaacha walimu wa msingi na sekondari chini ya tume ya kitaifa, TSC, na kaunti zikapewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Malalamiko ya walimu hayajaisha, lakini hawatupwi huku na huku kati ya gavana na waziri. Ndiyo maana naamini watumishi wa afya nao wangekuwa salama zaidi chini ya tume ya kitaifa inayowaajiri na kuwalipa, huku kaunti zikibaki na majengo, dawa na usimamizi wa kila siku. Madaktari wengi wa Kenya wamekuwa wakiidai tume hiyo kwa miaka mingi.

Chini ya wadi kuna nini?

Watu wengi wanaolinganisha nchi hizi huishia kwenye gavana na mkuu wa mkoa. Waende chini zaidi.

Kenya ina wadi 1,450. Kwa sensa ya 2019, yenye watu milioni 47.6, wastani ni karibu watu 33,000 kwa mwakilishi mmoja. Chini ya hapo hakuna mtu uliyempigia kura. Chifu na naibu wake ni waajiriwa wa serikali ya kitaifa, mfumo uliorithiwa kwa mkoloni na ukavuka salama hadi kwenye Katiba mpya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ilitaja wasimamizi wa vijiji na mabaraza ya vijiji, lakini kaunti nyingi hazikuyaunda. Ugatuzi wa Kenya ulitoka Nairobi ukafika makao makuu ya kaunti, na sehemu kubwa ukalala hapohapo.

Tanzania bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na vitongoji zaidi ya 60,000, na kila kimoja kina mwenyekiti wa kuchaguliwa. Kila mkazi wa kijiji mwenye miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Hapo husomwa mapato na matumizi. Palipo na watu wenye msimamo ni kikao cha moto: mtendaji anasoma kwamba mifuko ya saruji iliyonunuliwa ni mingi, na bibi mmoja aliyekaa chini ya mwembe anasimama kusema yeye anaishi mkabala na shule na ameona michache. Hakuna mkaguzi wa Dodoma anayeweza kujua hilo.

Mkutano huo una nguvu ya kisheria juu ya ardhi pia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini yake. Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano unaweza kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua baada ya kupokea maoni yao. Yaani eneo dogo wana kauli, eneo kubwa wana maoni, na wawekezaji wakubwa hawatafuti maeneo madogo. Hata hivyo, hiyo kauli kwenye hekta 250 ni kitu ambacho jamii nyingi za Pwani ya Kenya, ambazo ardhi yao isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba yao, wangetamani kuwa nacho mkononi.

Kinachoniuma ni jinsi tulivyokitendea. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 maelfu ya wagombea wa upinzani walienguliwa, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, na CCM, chama tawala, ikatangazwa kushinda karibu kila nafasi. Mwaka 2024 ilitangazwa tena kushinda zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Uchaguzi huo unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa iliyo chini ya Rais ambaye ndiye mwenyekiti wa chama kinachoshinda. Mwenyekiti wa kijiji ambaye hakushindanishwa na mtu hana sababu ya kuitisha mkutano kila miezi mitatu, na mikutano inakufa. Chombo bora kabisa cha madaraka ya karibu katika Afrika Mashariki tunacho, na tumekinyima ushindani unaokipa uhai.

Kabla hujaamini maandishi peke yake: Kongo

Msomaji wa Lubumbashi au Goma huenda anacheka. Katiba ya Kongo ya 2006 iliahidi mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, tena zikatwe hapohapo zinapokusanywa kabla hazijafika Kinshasa. Ni zaidi ya mara mbili ya sakafu ya Kenya. Mikoa ikaongezwa kutoka 11 hadi 26 mwaka 2015, Katanga ikawa minne. Lakini fedha ziliendelea kwenda Kinshasa kwanza na kurudi kwa hisani, na marekebisho ya Katiba ya 2011 yakampa Rais uwezo wa kuvunja mabunge ya mikoa na kuwaondoa magavana. Asilimia 40 ikabaki wino.

Kilichowatofautisha Kenya ni wasimamizi waliowekwa katikati. Seneti ambayo kazi yake hasa ni kulinda kaunti. Mdhibiti wa Bajeti. Na mahakama zinazoweza kuiambia serikali hapana: Bunge la Taifa lilipopitisha muswada wa mgawo wa mapato mwaka 2013 bila kuijali Seneti, Seneti ilikwenda Mahakama ya Juu, na Novemba mwaka huo ikaambiwa kwamba ilikuwa na haki ya kushirikishwa. Bila mwamuzi wa namna hiyo, ongeza asilimia hadi 60 ukitaka, mambo yatakuwa yaleyale.

Basi uchague upi?

Kama hofu yako kubwa ni kutengwa, kama unatoka mahali ambapo kwa vizazi mlikuwa mkingoja huruma ya mji mkuu, chagua mfumo wa Kenya na uvumilie kelele zake. Gharama yake ni kubwa na wizi upo, lakini unamjua mwizi na baada ya miaka mitano unaweza kumtoa. Anayekuibia akiwa Dodoma au Nairobi humjui hata sura.

Kama nchi yako ni maskini, mikoa yake imepishana sana kwa mapato, na haja yenu ya kwanza ni mwalimu na muuguzi kwenye kila kata, mshahara wa kitaifa wa Tanzania utakufaa zaidi kuliko kaunti isiyoweza kulipa. Hapo sioni aibu kusema tuko mbele.

Kama mwaka ujao ningeitwa kwenye bunge la katiba la Tanzania nisingepigania mikoa yenye magavana kwanza. Ningeanza na mambo yasiyohitaji jengo jipya hata moja. Mkurugenzi aajiriwe na baraza la madiwani kwa kutangaza nafasi na kusaili, awajibike kwao, na baraza liweze kumwachisha kwa utaratibu. Kazi za halmashauri ziandikwe ndani ya Katiba, kama Jedwali la Nne la Kenya, ili ikija TARURA nyingine pawepo ridhaa. Sehemu maalumu ya mapato ya taifa ipigwe kwa hesabu za mwaka uliotangulia, zikaguliwe zisikaguliwe, tusirithi ujanja ule wa Kenya. Kodi ya majengo irudi kwa halmashauri. Na uchaguzi wa vijiji uondolewe TAMISEMI ukabidhiwe tume ambayo wagombea wote wanaweza kuishtaki.

Mkenya hana haja ya kungoja katiba nyingine. Mabaraza ya vijiji yamo kwenye sheria yake ya 2012. Mwakilishi wadi anaweza kesho kupeleka muswada kwenye bunge la kaunti kuyaanzisha, yakae kila baada ya miezi mitatu, na msimamizi wa wadi alazimike kusoma mbele yao kila shilingi iliyoingia na ilivyotumika.